Usingizi wa Pono

Mtu akilala mpaka jua likamkuta kitandani, watu wa pwani husema amelala usingizi wa pono. Samaki huyu husifika kwa kulala, hata wavuvi wa usiku husimulia kwamba humwokota mwambani kama mtu aokotaye embe chini ya mti. Kwa hivyo mtu mmoja, mzaliwa wa Jambiani, alipokuwa akifunga mizigo Maskati kuja Unguja kwa likizo ya siku 10 pamoja na mkewe na binti yao wa miaka 9, alitangaza mapema nia yake. Safari hii haendi harusini wala matangani. Anakwenda ufukweni, na anakwenda kulala usingizi wa pono.

Wala hakufikia nyumbani. Alikodi chumba katika hoteli moja ya ufukweni, hatua chache tu mbele ya nyumba ya mama yake mdogo. Alihofia kwamba akifikia kwa jamaa hatapata nafasi ya kupumzika: kutakuwa na wa kuamkiwa, wa kuzuriwa na wa kusaidiwa. Akajipangia kwamba siku ya tatu, akishapoa na safari, ndipo atakwenda kumwamkia mama mdogo. Wahenga nao wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alizihesabu zile siku mbili kuwa haki yake.

Siku ya pili, saa 4 asubuhi, aliteremka ufukweni na binti yake, naye mtoto amekwisha kuvaa nguo za kuogelea. Bahari haikuwapo. Palipokuwa na maji ya buluu jana jioni palikuwa na mchanga mtupu, majani na madimbwi, na mawimbi yalionekana kama uzi mweupe kule mbali mwambani, zaidi ya kilomita 1.

"Baba, bahari wameipeleka wapi?" mtoto aliuliza.

Baba alicheka, kisha akaona kwamba swali lile linataka jibu. Ilikuwa siku za bamvua, mwezi mpevu, wakati ambapo maji ya Unguja hujaa na kupwa kwa tofauti inayokaribia mita 4. Pwani ya mashariki ina kina kifupi, kwa hivyo maji yakitoka hutoka mbali sana. Picha zilizoko katika vitabu vya watalii hupigwa maji yakiwa yamejaa. Hazisemi uongo, ila husema saa moja tu ya siku.

Wala pwani haikuwa tupu. Kule mbali walionekana wanawake, wameinama, kanga zimefungwa kiunoni, kila mmoja katika shamba lake la vijiti na kamba. Ukulima wa mwani wa biashara ulianza katika pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo umekuwa mikononi mwa wanawake zaidi. Kwao bamvua si kukosekana kwa bahari. Ndio wakati wa kazi. Mkulima hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, akaviacha vikue kiasi cha wiki 6, akavuna, akaanika, kisha akauza. Mwani huo husafirishwa ng'ambo, ukatolewa utomvu unaotumika hata katika dawa ya meno na aiskrimu. Huenda mgeni aliyelala pale chini ya mwavuli alipiga mswaki asubuhi ile kwa kazi ya mikono anayoitazama kwa mbali.

Maji yalipoanza kurudi, wanawake nao walirudi. Yule mtu alikuwa amejinyoosha kitini, dafu mkononi, pale mmoja wao alipopita mbele yake na gunia la mwani mbichi kichwani, maji yakimchuruzika mabegani. Alimjua kwa mwendo kabla ya sura. Akataka kusimama, dafu likamponyoka.

"Hamjambo wanangu," mama mdogo alisema bila ya kusimama, maana gunia lilikuwa zito. "Pumzikeni. Safari ndefu."

Akaenda zake. Mkubwa amemtangulia mdogo kwa salamu, na mwenyeji mwenye mzigo amemkaribisha mgeni asiye na mzigo. Mkewe hakusema neno. Usiku ule yule mtu hakulala usingizi wa pono wala wa samaki mwengine yeyote.

Safari ya Chumbe walikuwa wamekwisha kuilipia, na ikaangukia siku iyo hiyo ya tatu. Walivuka Unguja alfajiri, wakapanda boti kwenda kisiwa hicho kidogo, kilomita zipatazo 12 kusini ya Mji Mkongwe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwamba wake wa magharibi ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na tangu hapo hauvuliwi. Miongoni mwa walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi waliofundishwa kazi hiyo mpya. Wageni hawaruhusiwi kuzamia na mitungi ya hewa. Huelea juu tu, kwa miwani ya maji na mrija wa kupumulia. Hupelekwa pia watoto wa skuli za Unguja, kwani wengi wao wamezaliwa wakisikia mawimbi bila ya kupata kuona yaliyomo chini yake.

Mwamba ule una zaidi ya aina 400 za samaki, lakini binti alitoka majini na habari ya mmoja tu. Alikuwa amesikia sauti. Chini ya maji, alisema, kuna mtu anatafuna mawe.

Kiongozi wao aliijua sauti hiyo. Ni pono, alieleza. Mdomo wake ni mgumu kama wa kasuku, na kutwa hukwangua majani yaliyoota juu ya mawe ya matumbawe. Akikwangua humeza na jiwe, akalisaga kwa meno yaliyomo kooni, na kile asichokihitaji hukitoa kikiwa unga mweupe. Pono mkubwa wa aina fulani huweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Mchanga wa fukwe hizi una asili nyingi, makombe na majani ya chokaa yamo, lakini kazi ya pono imo pia. Tena majani yale yasipokwanguliwa husonga matumbawe machanga, hasa baada ya miaka ya joto kali kama 1998 na 2016, ambapo bahari ilipata moto na matumbawe mengi ya ukanda huu yakapauka.

Njia nzima ya kurudi mtoto alikuwa akiuliza, na baba akijibu anachokijua. Ndiyo, mchanga tunaolalia huenda umepita tumboni mwa samaki. Ndiyo, usiku pono hulala kweli, na wengine hujifunika utando wa ute kama chandarua. Hulala hivyo kwa sababu ametumika kutwa. Hilo baba hakuliambiwa na mtu. Alilipata mwenyewe garini, karibu na Paje, naye akanyamaza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Ni methali ya ukarimu, lakini ina sharti ndani yake, nalo ni kwamba mwenyeji apate kupona. Anayekuja visiwani kutafuta mchanga, maji na utulivu hakosei. Watu wa visiwa hivi wenyewe huvipenda. Ila utulivu huo hauoti wenyewe. Uko juu ya mgongo wa mwanamke, wa mvuvi anayeacha mwamba upumzike, na wa samaki ambaye tumemfanya mfano wa uvivu.

Jioni ile walibisha hodi. Yule mtu aliamkia, akaomba radhi, mama mdogo akamkatiza kwa kumwekea chai. Alizungumza habari za mwani. Aina yenye bei nzuri siku hizi hufa upesi maji yakipata moto, na inayostahimili bei yake ni ndogo. Mtoto naye akasimulia habari ya pono, na bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Mie namjua wa kupaka," alisema. "Miaka 30 na zaidi napita juu ya nyumba yake, ndani sijapata kuona. Sijui kuogelea, mjukuu wangu."

Asubuhi yake, maji yalipokupwa, watu watatu walitoka kwenda shambani. Maji yalikuwa ya magoti. Mtoto alikuja na miwani yake, na mama mdogo, kwa kuwa hakutaka kuvua mtandio, aliishika usoni kwa mkono, akainama baina ya kamba zake mwenyewe. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka uso ulikuwa umelowa na alikuwa akicheka.

"Kumbe wamo wadogo wengi," alisema. "Wamejificha kwenye mwani wangu."

Kisha akageuka kutazama kazi ya mgeni wake, aliyekuwa ameinama pembeni akifunga vipande kwa vidole vilivyosahau.

"Hii umeilegeza, mwanangu. Haifiki bamvua lijalo, itachukuliwa na maji."

Bamvua lijalo yeye atakuwa Maskati. Mama mdogo alifungua fundo, akamwonesha tena polepole, akampa kamba nyengine.