Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kikwajuni, hapa Unguja, aliisomesha methali hii kwa zaidi ya miaka 30, na kila mwaka aliifafanua kwa mfano wa muuza duka asiyeandika madeni yake. Hakuwahi kudhani kwamba uzeeni mwake angekuja kufasiriwa methali hiyo upya na fundi mwenye umri wa wajukuu zake, tena fundi aliyeshika bisibisi.

Mwalimu huyo alikuwa na kompyuta ya mezani aliyoinunua mwaka 2007, ikiwa imeshatumika kwa mwenyewe wa kwanza. Watoto wake waliicheka kwa ukubwa wake na kwa uvumaji wake, lakini kwake yeye ilikuwa ni sanduku la amana. Ndani yake mlikuwamo mashairi ya marehemu mkewe.

Bibi huyo hakupata kujiita mshairi. Alitunga huku akikuna nazi au akichagua mchele, na beti zikishamkamilikia humwita mumewe na kumwambia: "Niandikie hili kabla halijanitoka." Mwalimu huandika kwa kalamu, kisha usiku huliingiza shairi katika kompyuta. Mlikuwamo nasaha kwa mabinti, mafumbo kwa majirani, na beti za kiza kile kirefu kilichoishika Unguja tokea Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale waya wa umeme uliopita chini ya bahari ulipoharibika, na watu wakarejea kwenye kandili na vibatari. Alipofariki bibi huyo mwaka 2014, beti zilikuwa zimepindukia 400. Madaftari ya kalamu yaliliwa na mchwa baadaye, na Mwalimu hakuyasikitikia sana, maana yote yaliyokuwamo alikwisha kuyaweka mahali alipopaita salama.

Mwaka 2023, baada ya masika, kompyuta ikaanza kuchoka. Mwalimu huiwasha, akaenda kutia udhu, akasali, akateleka kahawa, na akirudi huikuta bado haijafunguka. Aliuvumilia uzito huo kama mtu anavyomvumilia rafiki mzee anayesahau maneno katikati ya mazungumzo. Hatimaye ukaja mlio: ta, ta, ta, kisha kimya, kisha ta, ta, ta tena, mithili ya ukucha unaogonga sahani.

Fundi akaitwa, naye ni kijana wa mtaa ule ule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Njoo umsikilize mgonjwa."

Kijana aliinamisha sikio kidogo tu, kisha akainuka upesi. "Izime, Mwalimu. Izime sasa hivi."

Kilichokuwa kikilia ni diski ngumu, kile chombo kinachohifadhi yote yaliyomo. Ndani yake mna sahani zinazong'ara kama kioo, na katika kompyuta nyingi za mezani sahani hizo huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa kidogo kinachosoma na kuandika kwa nguvu za sumaku, bila ya kugusa, kwa mwanya mwembamba mno kuliko unywele wa binadamu. Kichwa kikigusa sahani, hukwangua, na kinachokwanguliwa ndiyo maandishi yenyewe. Ule mlio aghlabu ni wa kichwa kinachotafuta njia na kuikosa, kikarudi, kikatafuta tena.

Mwalimu alidhani kazi itakuwa moja: kuihamisha diski yote kama ilivyo. Kijana akakataa. "Diski inayokufa haina pumzi nyingi," alisema. "Tuanze na kile usichoweza kukinunua dukani." Akaichomoa, akaiunganisha na kompyuta yake ya mkononi, akalifungua jalada la mashairi kabla ya kitu chengine chochote. Faili moja moja zikavuka. Mwalimu alikaa kwenye kiti bila ya kusema, akizihesabu kama anayehesabu abiria wanaoshuka kwenye chombo kilichopigwa na dhoruba. Zote zikashuka isipokuwa moja. Kila lilipoguswa faili hilo, mlio ulirudi, na mara ya tatu diski ikanyamaza, isiamke tena.

Faili lililobaki ndani lilikuwa la shairi alilolitunga bibi siku binti yao alipoolewa na kusafiri kwenda Pemba.

Diski mpya ilinunuliwa Darajani. Ni ya aina ile ambayo mafundi huiita SSD: kibati chepesi, ukubwa wake si zaidi ya kiganja cha mtoto, wala ndani yake hamna sahani, hamna kichwa, hamna kinachozunguka. Kumbukumbu ya namna hii ilivumbuliwa na mhandisi wa Kijapani, Fujio Masuoka, katika miaka ya 1980 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba. Maandishi yake ni chaji za umeme zilizofungiwa katika vyumba vidogo visivyo na idadi, nazo hubaki humo hata umeme ukikatika.

Kijana alilifungua kasha. Vumbi la miaka 16 likapeperuka, na parafujo mbili zilikuwa zimeshikwa na kutu kwa hewa ya chumvi. Kwa kuwa diski mpya ni ndogo kuliko nafasi ya ile ya zamani, aliifungia kwanza katika fremu ya chuma. Waya zile zile zikaingia bila ya tabu, kwani muundo wa viungo hivyo, unaoitwa SATA, ulianza kutumika mwaka 2003, na diski za leo za aina hiyo bado zinaufuata. Hakumficha Mwalimu kwamba kompyuta kongwe kama ile haiwezi kuipokea kasi yote ya diski mpya, wala ubongo wake hautaongezeka nguvu. Faida kubwa imo kwengine. Diski inayozunguka huhitaji kama sehemu 10 za elfu za sekunde kila inapotafuta mahali papya, na kuifungua kompyuta ni kutafuta mahali papya mara maelfu. Isiyozunguka hupafikia karibu mara 100 upesi zaidi.

Programu zilipokwisha kuwekwa upya, Mwalimu aliiwasha, akainuka kwenda jikoni kama ilivyo ada yake. Hajafika mlangoni akaitwa. Kompyuta ilikuwa imekwisha kufunguka, nayo imetulia, haitoi hata mvumo. Alisimama akaitazama kwa muda. Chumba kile hakijapata kuwa kimya namna ile tangu mwaka 2007.

"Sasa nikwambie neno, Mwalimu," alisema kijana huku akikusanya vyombo vyake. "Ile ya zamani imekupigia kelele miezi miwili. Hii haina cha kulia. Siku yake ikifika, huenda ikanyamaza tu, asubuhi uiwashe usikute kitu."

Mwalimu akamjibu taratibu: "Bila habari."

"Naam, bila habari. Na usije ukaifungia kabatini miaka mingi bila ya kuitia umeme ukadhani umehifadhi. Joto letu hili huziponyoa chaji kidogo kidogo."

Hapo ndipo methali ilipomrudia mwenyewe. Miaka yote hiyo aliyaona maandishi yake yamehifadhika kwa sababu yamo ndani ya chombo, na chombo kilikuwa kimoja. Lau watu wa mwambao wangehifadhi namna hiyo, tungekuwa na mashairi gani leo? Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mnamo 1840. Beti zake nyingi ziliishi vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kuziandika kwa hati ya Kiarabu, akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akazichapisha Johannesburg. Zilivuka kwa sababu hazikupanda chombo kimoja: zilikuwamo vifuani, zikawamo katika karatasi, kisha zikawamo katika kitabu.

Mwalimu akamwendea shemegi yake, mdogo wa marehemu, anayekaa Malindi. Bibi huyo alimsikiliza, akacheka, akasema: "Shemegi, ungekuja kwangu kabla ya kwenda kwa fundi." Kisha akalisoma shairi lote kwa sauti, beti 9, bila ya kusita, mkono wake ukipiga mizani juu ya goti.

Katika ubeti wa mwisho Mwalimu alimzuia. Shemegi alisoma kwamba mama amemwachia mwanawe tanga. Mwalimu alikuwa na yakini kwamba aliandika nanga. Walishindana kwa adabu mpaka kahawa ikapoa. Mizani haikuweza kuhukumu, kwani maneno yote mawili yana silabi mbili, wala vina havikuweza, kwa kuwa yote yanaishia kwa "nga". Lakini maana yake haikutani: mmoja ni mama anayemwambia mwanawe nenda, na mwengine ni mama anayemwambia hapa ndipo ulipofungwa. Binti mwenyewe alipigiwa simu Pemba. Akajibu kwamba siku ile alikuwa akilia, na hakusikia hata neno moja.

Faili, ambalo lingekata shauri, limo katika diski iliyokufa, na diski hiyo Mwalimu ameiweka mtotoni mwa meza, imefungwa kitambaa. Mashairi mengine yote yamo katika diski mpya, na katika diski ya nje inayokaa kwa shemegi Malindi. Yamechapwa pia kwenye karatasi, nakala moja ikapelekwa Pemba. Nakala ya pili inakaa juu ya meza ya Mwalimu ndani ya daftari lenye jalada gumu. Ubeti wa mwisho wa shairi la harusi aliuandika humo kwa mkono wake. Ameuandika mara mbili, wa nanga juu na wa tanga chini, na ubavuni mwa kila mmoja ametia jina la aliyeukumbuka hivyo.