Nilivyokuwa bubu mjini Khartoum

Miongoni mwa kazi za katibu wa kamati ya msikiti hapa Wampembe ni kuwaandikia barua za utambulisho vijana wanaoomba masomo nje ya nchi. Huja na vyeti vyao vimefungwa katika mfuko wa nailoni visilowe, nao huuliza habari za nauli, pasipoti na posho. Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza: "Ustadhi, huko nitasema nini?" Kwa kuwa wengi wao wanakwenda kusomea ualimu, nimeona niandike juu ya swali hilo wasiloliuliza.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa mafunzo ya ualimu katika chuo cha Kiislamu nilipojaaliwa na Allah (sw) nafasi ya kwenda Sudan kwa miezi mitatu, kujionea namna Kiarabu kinavyofundishwa kwa wasio Waarabu. Khartoum ndipo palikuwa mahali pake. Tangu mwaka 1974 mji huo ulikuwa na taasisi iliyoanzishwa na shirika la elimu, utamaduni na sayansi la nchi za Kiarabu, mahsusi kwa kuwaandaa walimu wa kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1992, nacho kilijaa vijana wa kila pembe ya bara letu, Watanzania wakiwemo. Safari yenyewe siisimulii. Aliyepanda mlima kutoka ziwani hadi Namanyere wakati wa masika hashangazwi tena na njia yoyote.

Niliondoka nikiwa na Kiarabu changu. Nahwu na sarfu nilikuwa nimezisoma, na khutba nzima niliweza kuiandika bila kufungua kamusi. Siku ya pili nikasimama mbele ya mmoja wa wale mama wauza chai wakaao chini ya miti na majiko yao ya mkaa, nikamweleza kwa lugha fasaha kwamba nahitaji chai. Alinitazama kwa huruma, kisha akacheka, akaniuliza jambo ambalo sikulifahamu hata neno moja. Msudani akitaka kitu husema dayir, si uridu. Akiuliza "nini" husema shinu, si madha. Qaf ya qalam kwake huwa ga, na mtu yeyote, awe mgeni au mwenyeji, ni zol. Mimi nilikuwa nanunua chai kwa lugha ya mimbari.

Undugu wa Kiswahili na Kiarabu, ambao sisi hujivunia, nao una mitego. Mwanafunzi mwenzetu kutoka Afrika Mashariki alitaka kumsifu mwalimu kwamba somo lake lilikuwa rahisi, akasema rakhis. Kwa Waarabu hilo ni neno la sokoni: kitu cha bei ya chini. Darasa likaangua kicheko. Mwenzetu yule, aliyekuwa msemaji kuliko sisi sote, hakufungua tena kinywa darasani kwa siku kadhaa.

Twasoma katika mapokezi ya Imam Tirmidhi kwamba Zaid bin Thabit (ra), alipoagizwa na Mtume (saw) kujifunza maandishi ya Mayahudi wa Madina, alihitimu kwa nusu mwezi. Mimi nusu mwezi ilinitosha kuagiza chai na kuuliza bei. Lakini kutoelewa hakukuniuma sana, kwa maana kutoelewa huisha kidogo kidogo. Kilichoniuma ni kuonekana sina la kusema. Watu walinipazia sauti kama kiziwi, wakanirahisishia maneno kama mtoto, na baadhi wakaacha kabisa kuniuliza. Nyumbani nilikuwa naongoza sala. Pale mtoto wa mwenye duka alinijibia mambo yangu.

Siku moja tulipelekwa nje ya mji kwenye khalwa, ndivyo Wasudani waitavyo chuo cha Qur'ani. Vijana waliketi mchangani na mbao zao, wakiandika kwa wino, wakihifadhi, wakiziosha na kuandika upya. Wengi walitoka Darfur na milima ya Nuba, wengine Chad, na lugha za mama zao hazikuwa Kiarabu. Palikuwa na mtoto mgeni aliyekuwa kimya. Sheikh hakumkemea. Alimwita kijana mkubwa wa lugha yake, akamwambia mtoto aeleze kwa lugha ya kwao alichokisikia katika darsa. Mtoto akasema kwa kirefu, mkubwa akafasiri, sheikh akatikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo akaanza kumpa maneno ya Kiarabu, moja baada ya jingine. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba hawezi kuongeza juu ya kitu asichokijua.

Vita vilivyozuka tarehe 15 Aprili 2023 viliutawanya mji ule. Wanafunzi wetu walirejeshwa nyumbani mwezi huohuo. Yule mama wa chai na wale watoto wa mbao sijui waliko. Allah awahifadhi.

Mwaka huu madrasa yetu ilipokea binti wa miaka minane, aliyeletwa na bibi yake kutoka kijiji cha juu Ufipa. Kiswahili chake ni cha kuamkia tu. Alikaa nyuma, hajibu, na ikaja hoja mbele ya kamati kwamba arudishwe kwa watoto wa miaka minne. Mjomba wake alikwisha sema kuwa, kama hasomi, ni heri akaanike dagaa. Nikapendekeza akae na binti mkubwa ajuaye Kifipa, na ustadhi apokee kwanza maana kwa lugha hiyo.

"Katibu," akasema mzee wetu mmoja, "msikitini tuna Kiarabu na Kiswahili. Tukileta ya tatu tutaishia wapi?"

"Mzee wangu, Qur'ani tunaifahamu hapa kwa sababu Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliifasiri. Tafsiri kamili ilitoka mwaka 1969, na yeye alikuwa mwalimu wa shule."

"Farsy alikuwa mwanachuoni. Huyu ni mtoto."

Jibu lake lilikuwa na uzito, sikulibisha. Kamati ikampa binti muda hadi mwisho wa Shaaban.

Wiki iliyopita ustadhi aliuliza kisa cha Nabii Yunus (as). Binti akasimama, akakisimulia kwa Kifipa mwanzo hadi mwisho: jahazi, kura, samaki, giza, dua. Mwenzake alikuwa akifasiri kwa Kiswahili. Mzee alikuwa barazani akitawadha, na yeye nyumbani huzungumza na mkewe kwa Kifipa. Aliacha maji yakimwagika mpaka samaki alipomtapika Nabii ufukweni.

Hajaniambia neno. Mjomba naye bado anasema dagaa hawangoji, na Shaaban imebakiza siku kumi na tisa.