Msitu Uliokosa Moto

Kusini mwa Marekani, kuanzia Virginia hadi Texas, zamani palikuwa na misitu ya misonobari yenye majani marefu, iliyoenea katika eka zipatazo milioni 90. Kufikia mwisho wa karne ya 20 zilikuwa zimebaki kama milioni 3. Misitu mingi ilikatwa mbao au ikageuzwa mashamba. Lakini mingine iliharibika bila kuguswa na shoka. Iliharibika kwa kukosa moto.

Sisi tunaoabudu kwa Kiswahili hapa North Carolina ilituwia vigumu kulipokea jambo hili, maana wengi wetu tulifika huku tukikimbia moto. Tulipoona moshi ukipanda msituni, tukaambiwa kwamba watunza misitu wenyewe ndio waliouwasha, tulitaka kujua sababu.

Sababu iko chini, kwenye nyasi. Katika nchi tambarare yenye majimaji, kama pale Green Swamp, misonobari husimama mbali mbali na jua hufika ardhini. Katika mita moja ya mraba huweza kupatikana aina zaidi ya 40 za mimea: nyasi nyembamba kama waya, okidi, mimea yenye majani kama mitungi inayonasa wadudu, na ule mmea mdogo unaomfumbia nzi jani lake, ambao kwa asili humea katika majimbo mawili tu ya Carolina. Yote ni mifupi. Huishi kwa sababu kila baada ya miaka michache moto mwepesi, wa radi au wa mkono wa mtu, hupita na kuvipunguza vichaka kabla havijaifunika. Hata mche wa msonobari umeumbiwa hali hiyo. Kwa miaka kadhaa hukaa chini kama fungu la nyasi, kichipukizi chake kikilindwa na majani, huku mzizi ukishuka chini sana.

Katika karne ya 20 watu waliuzuia moto kwa nia njema. Mwaka wa kwanza hakuna aliyeona hasara. Msitu ulizidi kuwa wa kijani. Vichaka vikapanda, kivuli kikatanda, na mimea midogo ikafa kimya kimya. Chini ya miti mizee majani makavu na magome yakajilundika, mizizi ikatambaa ndani yake. Sasa moto ukija hauupiti mti. Hufukuta shinani kwa muda mrefu, na mti uliostahimili mioto mingi hufa.

Tusiseme kwamba vita ilikuwa moto wa Mungu. Waliochoma vijiji vyetu hawakuwa watunza msitu. Bwana Yesu aliposema habari za mkulima anayesafisha matawi, hakuwa akimsema mwizi anayeng'oa mzabibu. Mkulima anaujua mzabibu wake na anataka uzae.

Lakini kanisa nalo linaweza kuwa na amani ya kivuli. Tunasema, "Tuyaache, yataisha yenyewe." Ndugu wawili wanashiriki Meza ya Bwana bila kusalimiana. Hesabu za sadaka haziulizwi, tusije tukamkwaza mzee. Vijana wanameza maswali yao. Kwa nje usharika ni wa kijani. Chini, vilivyo vidogo vinakufa.

Watunza misitu hawaurudishi moto kwa pupa. Husubiri siku ambayo takataka za shinani zina unyevu na upepo umetulia. Huwasha moto mdogo, hurudi tena baadaye, na tena. Nasi tulifundishwa utaratibu kama huo katika Mathayo 18: mwendee ndugu yako mkiwa wawili tu, akikataa, nenda na mmoja au wawili, kanisa zima ni mwisho. Anayeanzia madhabahuni anaweza kumuua mzee aliyebeba lundo la miaka 20.

Moto unaporudi, baadhi ya mimea huchipua kutoka katika mizizi iliyodhaniwa imekufa. Mingine, kama zile nyasi nyembamba, mara nyingi lazima ipandwe upya kwa mkono. Kunyamaza kwetu pia kuna gharama, na hatutarudishiwa kila kitu. Ndiyo maana tusingoje mwaka mwingine. Kabla ya Meza ya Bwana ijayo, kila mmoja wetu amwendee mtu mmoja, kwa upole, mlango ukiwa umefungwa.