Kwa mpwa wangu mpiga gitaa, huko kwenye chimbo la dhahabu

Niania

Mpwa wangu,

Mwenye pikipiki ameniambia ncha za vidole vyako vya kushoto zimechanika na gitaa umelitundika. Litungue, ila ubadilishe saa. Mtu anayeshinda mtoni akiosha mchanga, jioni ngozi yake imelowa na kulainika, na waya wa chuma huipasua mara moja. Piga alfajiri kabla hujagusa maji: robo saa, pumzika, robo saa tena. Lengelenge usilitumbue, na sugu usiibandue kwa meno. Nilikuona ukifanya hivyo kwenye matanga ya babu yako. Kucha za kushoto kata fupi kabisa. Mkono wa kulia, acha za gumba na shahada zitokeze kidogo. Jean-Bosco Mwenda, yule aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alipiga kwa vidole hivyo viwili, nawe ukimsikiliza utaapa wapigaji ni wawili.

Kama nyuzi zako ni zile za kebo ya breki ya baiskeli, zitoe. Waya wenye kutu na uchafu ukikuchoma unaweza kukuachia pepopunda. Na zikiwa zimekaa juu mno ya shingo ya gitaa, chonga daraja kidogo kidogo. Unabonyeza kwa nguvu nyingi bure.

Hayo ni ya ngozi, na ngozi huota. Ninachoogopa mimi ni zebaki. Naambiwa unaikanda na mchanga kwa mikono mitupu, kisha donge unalichoma kwenye kikaango humo humo mnamolala. Mvuke wake huuoni wala hauna harufu, nawe unauvuta usiku kucha. Mvuke huo hushambulia mishipa ya fahamu, na mikono huanza kutetemeka. Kwa ugonjwa huo hakuna mawese ya kupaka, na sijui wimbo unaopigwa kwa kidole kinachotetemeka. Hapa sikushauri, nakukataza. Mimi ni kaka wa mama yako. Mwenye shimo asipotaka kusikia, rudi nyumbani. Kwenye njia panda ya Isiro malori ya kupakua hayakosekani.

Nimempa mleta barua nyuzi mpya kutoka Kisangani. Ile nyembamba hukatika upesi, kwa hiyo nimeweka mbili. Mama yako anauliza kama unakula.

Mjomba wako