Napoli: Kilima Walikolelewa Wana wa Kifalme

Katika mji wa Napoli, kusini mwa Italia, kuna kilima kiitwacho Pizzofalcone. Juu yake limesimama jengo la kuta nyekundu, jirani na bahari. Hicho ndicho chuo cha kijeshi cha Nunziatella, kilichoanzishwa mwaka 1787. Kabla ya hapo jengo hilo lilikuwa nyumba ya kufunzia watawa wa Kijesuiti. Sala, basi, ilitangulia bunduki.

Ukoo wa Savoia, uliotawala Italia tangu 1861 hadi 1946, uliamini kwamba mwana wa mfalme hana budi kulelewa kama askari. Vittorio Emanuele III, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1869, alikabidhiwa utotoni kwa Kanali Egidio Osio, mlezi mkali asiyejali cheo cha mwanafunzi wake.

Mfano ulio wazi zaidi ni Amedeo, wa tawi la Aosta. Alizaliwa Torino mwaka 1898, akapelekwa shule Uingereza angali mdogo, kisha akaingia Nunziatella. Italia ilipoingia vitani mwaka 1915, alikuwa na umri wa miaka 16 tu. Baba yake alikuwa jemadari wa Jeshi la Tatu, na kijana angeweza kutafutiwa mahali pa salama. Yeye alijiandikisha kuwa askari wa kawaida katika kikosi cha mizinga, akapanda vyeo ngazi kwa ngazi. Baada ya vita alikwenda Kongo, akafanya kazi katika kiwanda cha sabuni huko Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani. Aliporejea alihitimu sheria Palermo.

Malezi hayo yalimfunza kuvumilia na kutii. Je, yalimfunza pia kuuliza? Mwaka 1937 alitumwa Addis Ababa kuwa makamu wa mfalme, juu ya nchi ambayo Italia ya Mussolini ilikuwa imeiteka kwa mabomu na gesi ya sumu. Wapo wamsifuo kuwa alikuwa mpole kuliko Graziani aliyemtangulia. Na iwe hivyo. Lakini upole wa mlinzi hauifanyi mali ya wizi kuwa halali. Ethiopia ilikuwa ya Waethiopia.

Mwezi Mei 1941 alizingirwa katika mlima wa Amba Alagi, akasalimu amri pamoja na askari wake, na Waingereza wakawapa heshima za kijeshi. Alifariki mateka mjini Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Kaburi lake limo katika kanisa la ukumbusho la Waitalia huko Nyeri, Kenya, pamoja na mabaki ya askari zaidi ya 600. Hapo mwana wa kifalme na kuruti wamelala chini ya paa moja.

Nunziatella ingaliko. Italia ni jamhuri, na tangu 2009 wasichana nao hupokewa chuoni humo.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Naam, sisi wazazi wa kambini twajua kumkunja mtoto: alfajiri aamke, kitanda atandike, amri asikie. Lakini tusisahau nusu ya pili ya malezi, yaani kumfunza kuitambua haki. Kwani nidhamu isiyojua haki ni upanga mkali. Hukata popote mwenye kuushika apendapo.