Rimu ya Saba, Tairi la Kumi na Mbili

Katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Bariadi, Simiyu, kengele ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini na kugongwa kwa kipande cha nondo. Mzee mmoja aliyekwenda kumwandikisha mjukuu wake alisimama chini yake mpaka mtoto akamvuta mkono.

"Hii ilikuwa nini?" mzee akauliza.

"Kengele, babu."

"Kabla ya kuwa kengele?"

Mtoto hakujua. Baba yake, kijana wa bodaboda, akakisia kuwa ni chuma cha trekta. Mzee akapitisha kidole kwenye mfereji unaozunguka ukingo wa kile chuma. Hapo ndipo ilipokaa ringi, lile duara la chuma linalozuia tairi lisichomoke kwenye rimu, akawaambia. Ilikuwa rimu ya upana wa inchi 7, ya tairi la 9.00-20, aina ya gurudumu lililobeba pamba ya ukanda huu kwa zaidi ya kizazi kimoja. Yeye mwenyewe alikuwa utingo wa malori hayo. Aliondoka pale amechukizwa, na alikuwa na haki. Mji ulioinuliwa na pamba umelea watoto wasiojua pamba ilitokaje kijijini.

Anayeijua Simiyu kwa kupita juu ya lami hawezi kuona shida ilikuwa wapi. Wasukuma wameupa kila udongo jina lake: luseni ni wa kichanga, ibambasi ni mgumu, na mbuga ni ule mweusi wa mfinyanzi unaotanda Meatu, Itilima na Maswa. Kiangazi mbuga hupasuka nyufa za kumeza mguu. Mvua ikinyesha huvimba na kunata. Tope huziba meno ya tairi, hujaa katikati ya matairi mawili ya nyuma, na lori likabaki linazungusha magurudumu pale pale. Ununuzi wa pamba huanza wakati wa kiangazi, lakini mwaka wa mavuno mengi pamba ililala kwenye maghala ya vijiji hadi mvua za Novemba, na mwezi huo huo mbegu za kupanda zilitakiwa vijijini. Lori lilikwenda Mwanhuzi na mbegu, likarudi na pamba, mvua juu, mbuga chini.

Halafu matairi yakaadimika. Mzee anasema ni mwaka 1982. Dereva aliyefanya kazi naye anashikilia 1983. Wote wawili wanakumbuka kwamba pamba ilikuwa bado mikononi mwa Mamlaka ya Pamba, vyama vikuu vya ushirika vilivyovunjwa 1976 vikiwa havijarudi, na ugomvi wao unaishia hapo. Kiwanda cha General Tyre kilikuwepo Arusha, kilianza kuzalisha mwaka 1971, lakini mali ghafi zilitaka fedha za kigeni na fedha za kigeni hazikuwepo. Tairi jipya lilipatikana kwa kibali. Malori mengi yalikuwa yamerudi kutoka vitani Uganda yakiwa hoi. Mtu mwenye lori alitembea na tairi kipara mpaka nyuzi zikaonekana.

Ndipo tairi la jeshi likaanza kutafutwa. Lilikuwa nene, meno yake marefu yenye nafasi pana ya kutemea tope, na ubavu wake haukutobolewa ovyo na miiba ya migunga. Bedford RL ya Kiingereza ilivaa 11.00-20, Bedford MK ikavaa 12.00-20 sawa na Zil-131 ya Kirusi, na Ural ikavaa 14.00-20. Namba ya mwisho katika zote ni 20, ile ile ya lori la pamba. Hiyo ndiyo iliyowaponza wengi. Inchi 20 ni kipenyo cha rimu tu. Maana yake tairi litaingia. Namba ya kwanza ndiyo inayosema litakaa vipi, na hiyo wengi hawakuisoma.

Aliyeisoma alikuwa fundi mmoja mwenye banda karibu na stendi ya zamani. Jina lake halina haja hapa. Mji mzima ulimwita Fundi. Banda lilikuwa la mabati manne na nguzo za miti, na harufu yake ilikufikia kabla hujaliona: mpira unaoungua, dizeli, solusheni, na maji ya sabuni yaliyokaa kwenye jua. Alichoma pancha kwa pistoni kuukuu. Alikwaruza tyubu kwa tupa mpaka ipoteze mng'aro, akapaka solusheni, akaisubiri ikauke, akabandika kipande cha mpira mbichi. Juu yake alikaza pistoni kwa skrubu ya chuma, akajaza kile kikombe chake tambi zilizolowa dizeli, akawasha. Moto ulipozimika wenyewe hakugusa. Aliacha chuma kipoe huku akizungumza na wateja habari za mvua na ng'ombe, na aliyeharakisha aliambiwa akachome kwingine. Kiraka cha Fundi kilimaliza msimu.

Ukutani alikuwa ametundika ringi, kila moja na alama ya rangi. Mzee alipokuwa utingo kijana aliwahi kuchukua mojawapo na kuirusha kwenye rimu iliyokuwa chini, kwa kuwa ilionekana sawa. Fundi aliitoa, akaigeuza, akamwonyesha namba iliyogongwa kwenye chuma. Ringi mbili zinaweza kulingana kwa macho na kutofautiana kwa unene wa ukucha, na unene huo unatosha kuua mtu. Tairi la lori hujazwa upepo hadi pauni 90 au 100. Ringi isiyokaa kwenye mfereji wake hutoka kwa nguvu hiyo yote, na kichwa cha fundi ndicho kilicho karibu. Kwa hiyo aliifunga kwa mnyororo, akazungusha gurudumu ringi ielekee ukutani, akajaza upepo amesimama pembeni, mkono tu ukifika kwenye valvu. Kila alipojaza kidogo alisimamisha, akagonga ringi kuizunguka yote akisikiliza mlio.

Wenye malori walimletea tairi la 12.00 wakitaka alipandishe kwenye rimu ya inchi 7. Alikuwa na jibu lisilobadilika: tairi hilo linataka rimu ya inchi 8 na nusu. Likibanwa kwenye ya 7, midomo yake inasogezwa karibu kwa sentimita kama nne, ubavu unafura, na uso wa tairi unakuwa wa mviringo badala ya kulala chini. Meno ya kati yanaisha, ya pembeni hayagusi ardhi, na karibu na mdomo mpira unapindika na kupata joto mpaka unapasuka. Meno yaliyonunuliwa kwa ajili ya tope yanakuwa hayafanyi kazi. La 14.00 alilikataa hata kuligusa: rimu yake ni ya inchi 10.

Nyuma ndiko kulikokuwa na balaa zaidi. Tairi la 9.00 likishajazwa upepo lina upana wa sentimita kama 26, la 12.00 linafika 31. Ukiyafunga mawili mawili kwenye nafasi iliyopimwa kwa ajili ya 9.00, yanasuguana yenyewe kwa yenyewe, na jiwe likiingia katikati halitoki. Waliogundua hivyo waliondoa moja na kubakiza moja kila upande. Kwenye mbuga lori lilipita vizuri ajabu, kwa sababu tairi la mbele na la nyuma yalifuata mstari mmoja. Lakini tairi moja la 12.00 halibebi mzigo unaobebwa na mawili ya 9.00, na pamba haikupunguzwa. Springi zilivunjika, nati zikalegea, usukani ukawa mzito wa kumchosha dereva wa miraba minne.

Tena kulikuwa na gia. Tairi la 12.00 lina kipenyo cha sentimita 112 hivi, la 9.00 sentimita 102. Mita ilipoonyesha 60 lori lilikuwa linakwenda 66, na kwenye kilima kila gia ilikuwa imerefushwa kwa kiasi hicho hicho. Injini ilielemewa, difu ikalalamika. Fundi aliyaeleza haya yote kwa subira, akimchorea mwenye lori chini kwa kijiti. Asiyekubali alitafutiwa rimu ya upana unaofaa kutoka kwenye lori kubwa lililokufa, mradi matundu yake yalingane na stadi. Isipopatikana, Fundi alirudisha tairi lilikotoka.

Wengine walikwenda kwingine. Palikuwa na banda la pili, na huko ringi iliruka. Kijana aliyekuwa amepiga magoti juu yake alizikwa siku ya pili. Tangu hapo foleni kwa Fundi ilirefuka, na yeye hakufurahia.

Miaka iliyofuata ilipita haraka. Soko la pamba likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka 1994, malori ya watu binafsi yakajaa, Fuso zikatawala. Matairi ya nje yakaingia kwa wingi na hakuna tena aliyeomba kibali. General Tyre ikasimamisha uzalishaji mwaka 2009. Mwaka 2012 Simiyu ikawa mkoa, Bariadi makao makuu. Mwaka 2018 ikazinduliwa lami ya Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8. Malori mapya yanakuja na rimu ya 22.5 isiyo na ringi wala tyubu. Tairi la 12.00-20, lile lililokuwa la jeshi, sasa ni la kawaida kwenye tipa za Howo, na huko limekaa kwenye rimu yake halali.

Kinachomkera mzee ni kwamba ringi hazijaisha. Ziko kwenye Fuso kuukuu, kwenye tipa na kwenye matela ya trekta yanayobeba pamba kutoka Itilima, lakini waliozijua wamezeeka au wamekufa. Mabanda ni mengi kuliko zamani, kompresa zina nguvu kuliko zamani, na ringi zimerundikwa chini bila alama. Kijana anachukua inayomjia mkononi, anaipigilia kwa nyundo, anainama juu yake na kufungua upepo wote kwa mkupuo. Hana mnyororo, na hakuna aliyemwambia autafute. Namba imechapwa kwenye ubavu wa tairi na kugongwa kwenye rimu, na kuzisoma zote mbili ni kazi ya dakika moja.

Msimu huu mkulima mmoja alipata tairi mbili za 14.00-20 za kufunga kwenye tela lake lenye rimu za inchi 7 na nusu. Mzee alimweleza, akamchorea chini kwa kijiti. Mkulima alishukuru kwa heshima, akaenda barabarani akafungiwa mchana ule ule. Tela linapita njia ya Kasoli na shehena ya pamba hadi juu, na pale ncha mbili za ringi zinapokutana pamebaki pengo la kupitisha kidole. Mzee amemwambia mwenye tela, amemwambia dereva, na amemwambia kijana aliyelifunga. Anakusudia kuwaambia tena kabla pamba ya mwisho haijafika kiwandani.