Stoo ya Kahawa ya Ruanda

Binti wa mdogo wangu, yuko kidato cha pili, aliniuliza juzi kwa nini babu yake alikuwa akificha Biblia. Siyo Biblia, nikamwambia, ni magazeti. Biblia kila nyumba ya hapa Ruanda, Mbozi, ilikuwa nayo. Akanitazama kana kwamba namsimulia habari za Kinjekitile wa Maji Maji. Yeye huenda Jumba la Ufalme la Mashahidi wa Yehova mchana kweupe, na bendera ikipandishwa shuleni anasimama wima, kimya, wenzake wakiimba. Hakuna anayemgusa.

Imani hiyo ni ya zamani huku mpakani na Zambia. Vibarua waliorudi kutoka Rhodesia ya Kusini waliwaletea Wanamwanga na Wamambwe mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na Mwingereza akawafunga kwa kukataa kuwatii machifu. Babu yangu alidai kubatizwa 1923. Shangazi anashikilia 1926. Tuyaache. Wale wa mwanzo na Mashahidi wa Yehova wa baadaye hawakuwa kitu kimoja, lakini wakubwa waliwatia kapu moja, na mwaka 1965 Mashahidi wakapigwa marufuku Tanzania. Mimi nilikulia ndani ya marufuku hiyo.

Tulikutana kwenye stoo ya kahawa. Msimu wa mavuno maganda yaliyomenywa kwa mashine ya mkono yalichacha nje ya ukuta, na harufu yake, tamu na kali, ilituingia kwenye nywele na nguo. Nyimbo tuliimba kwa kunong'ona. Mama alikaa mlangoni na ungo wa kahawa. Aliposema kwa sauti "Karibuni, mmetokea wapi?", sote tulishika nyungo na kuchambua punje.

Kwa Wamoraviani, waliokuwa wengi tangu enzi za Mjerumani, tulikuwa wafuasi wa manabii wa uongo. Kwa chama tulikuwa wasaliti, maana baba hakuwa na kadi ya TANU. Mtoto aliyenirushia mawe kwa sababu hatuli Krismasi ndiye huyo huyo aliyeniita Mmalawi: Malawi, kwa Rais Banda, wenzetu walikuwa wakipigwa kwa kukataa kadi ya chama chake, na 1972 maelfu walikimbilia Zambia, basi watu wakadhani sote tumetoka huko. Shuleni mwalimu mmoja aliniamuru niimbe wimbo wa Taifa peke yangu mbele ya mstari. Sikuimba. Nilichapwa shule nzima ikitazama.

Lakini kulikuwa na mzee wa duka. Mmoraviani, mzee wa kanisa, duka lake likinuka mafuta ya taa na sabuni ya mche. Balozi wa nyumba kumi alipotarajiwa kuja kukagua, nakala zetu za gazeti la Mnara wa Mlinzi zilizovushwa kutoka Nakonde, Zambia, zililala dukani kwake, nyuma ya madebe. Hakuzisoma kamwe. Alimwambia baba mbele yangu, "Kijana wangu, umepotea kabisa. Lakini watoto wako hawatalala njaa kwa ajili ya karatasi." Sukari ilipoadimika, fungu letu alilitenga, ingawa kadi ya chama hatukuwa nayo. Alipofariki, baba alisimama nje ya kanisa ibada nzima, maana dhamiri haikumruhusu kuingia, kisha akachukua koleo akafukia kaburi mpaka mwisho. Wapo waliosema hana shukrani. Bado wananiudhi.

Marufuku iliondolewa 1987. Jumba likajengwa, stoo ikauzwa. Miaka ya 2000 wanafunzi wa sekondari hapa hapa Mbozi wakafukuzwa au kusimamishwa masomo kwa kutoimba wimbo wa Taifa. Kesi yao, ya watu 127, ilishindwa Mahakama Kuu, na 2013 Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Kimya cha binti yetu kimetokana na hukumu hiyo, na shuleni hajawahi kufundishwa habari zake.

Hivi karibuni, kwenye mkutano wa kijiji, mzee wa rika langu alisimama akasema Ruanda haijapata kuwa na ubaguzi wa dini. Nilinyoosha mkono. Nikamtajia mwaka, mstari wa shule, na idadi ya viboko, naye alikuwa mstarini siku ile.